Jicho la Samaki Penye Mrehani

Kavata alitoka Kitui kuja Malindi kutandika vitanda vya hoteli, akaishia kuwafundisha watoto wa watu kutembea juu ya vifuu. Hakupanga, mambo yalijipanga yenyewe. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi alibaki na sare mbili na watoto watatu wa majirani, ambao mama zao walikuwa wakimwachia wakienda sokoni. Miezi miwili baadaye walikuwa tisa, na chumba chake cha kupanga hakikuwatosha hata kukaa, sembuse kucheza.

Ndipo Bi Zuleikha alipomwambia awapeleke kwenye uwanja wake. Bibi huyu alikuwa anahamia Mombasa kwa bintiye, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na uwanja mpana wenye ukuta na mkorosho mmoja mkubwa. Hakutaka kodi wala shukrani nyingi. Alimkabidhi Kavata ufunguo wa geti na sharti moja tu: afagie, apande, afanye apendavyo, ila kule pembeni penye mrehani pasiguswe.

Basi Kavata akaushika ule mrehani kama amana. Akaumwagilia kila asubuhi kabla ya kumwagilia kitu kingine chochote, na watoto wakajua kwamba kuchuma jani lake ni kosa kubwa kuliko kumng'ata mwenzio.

Sehemu nyingine zote za uwanja zilikuwa zao. Ungewaona, jamani! Wa miaka mitatu wanapika mikate ya tope na kuigeuza kwa upawa wa kifuu. Wakubwa wanasuka ukuti mbichi, huyu anavaa saa ya ukuti mkononi, yule anakimbia na feni ya ukuti mpaka izunguke. Vifuu viwili vikitobolewa na kutiwa kamba huwa viatu virefu, na anayefika ukutani bila kuanguka ndiye hupanda wa kwanza kwenye bembea ya tairi. Chupa za maji walizitoboa vifuniko kwa msumari, zikawa za kumwagilia bustani. Mama mmoja, Waruguru, alikuja kulalamika kwamba mwanawe anarudi na tope masikioni na kuandika A hajui. Kavata alimjibu kwamba kidole kinachoweza kusuka ukuti hakitashindwa na penseli. Na ni kweli. Nyinyi mnaocheka, hebu kaeni chini msuke saa moja tu ya ukuti, tuone.

Mwezi wa Januari watoto walitaka tuta la mboga lenye umbo la samaki. Walilichora kwa kijiti, wakapanda mchicha tumboni, wakasimika chupa za kijani kwenye mkia. Likakosekana jicho, na mdomo. Kavata akaangaza huku na huku, akaona kule pembeni mawe mawili ya matumbawe yamesimama, moja huku na moja kule, mrehani katikati. Akayang'oa taratibu sana, hata jani moja halikukatika, na akajisifu moyoni kwa uangalifu wake. Cindy, mtoto wa miaka mitano wa Odera dereva wa tuktuk, akalipaka lile kubwa jicho: duara jeupe, ndani yake buluu, katikati nukta nyeusi. Ilikuwa rangi ya mafuta, iliyobaki baba yake alipopaka tuktuk. Lile dogo likawa mdomo mwekundu.

Wiki nne baadaye, siku ya Alhamisi alasiri, akapita mzee Farjallah, mdogo wake Bi Zuleikha. Alikuja na habari kwamba dada yake angefika kesho baada ya sala ya Ijumaa, maana Shaaban inaisha na kila mwaka kabla ya mfungo humsomea mwanawe Yasini. Kavata akamuuliza huyo mwana yuko wapi.

"Si pale, penye mrehani," Farjallah akasema, akionyesha kwa kidevu. "Faris, kifungua mimba wake. Miaka arobaini sasa."

Kavata akageuka, akalitazama lile jicho la samaki. Kwao kaburi lina saruji, msalaba, jina na tarehe, hata mgeni akipita analijua. Kwa Bi Zuleikha, mawe mawili na mrehani katikati havihitaji maelezo, kama vile mtu mzima haelezwi mlango ni nini. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Na hakuna aliyekuwa mjinga hapo, ingawa Kavata alijiita mjinga jioni ile yote.

Alisugua jicho kwa mchanga, akasugua kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Wapi! Jiwe la matumbawe lina vitundu, na kila kitundu kilikuwa kimeinywa rangi. Odera alipokuja kumchukua Cindy akamkuta Kavata analia, akampa shauri. Pale wanapojenga ghorofa kuna mawe kama hayo tele, wachague mawili yanayolingana nayo, wayasimike, mambo yaishe. Ajuza wa miaka sabini atajuaje? Odera si mtu mbaya. Alikuwa anawaza binti yake na wale watoto wengine wangekwenda wapi uwanja ukifungwa. Kavata naye aliwaza hivyo hivyo. Kabla ya magharibi mawe mageni yalikuwa yamesimama pembeni, na samaki amefunikwa makuti.

Bi Zuleikha alifika kesho yake na buibui lake, juzuu mkononi na kichupa cha marashi. Kavata akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa furaha. Bibi akausifu mrehani, akasema haujapata kustawi hivyo. Akatandikiwa mkeka, akaketi, akanyunyiza marashi. Kisha akaweka kiganja juu ya jiwe la kichwani, akawa analipapasa polepole kama mtu anayempapasa mtoto nywele. Midomo yake ikaanza kutikisika.

Hapo Kavata akashindwa.

"Bi Zuleikha, usisome bado. Hayo siyo mawe yake."

Akamweleza yote, tangu umbo la samaki hadi ghorofa, bila kumtaja Odera. Bibi akainuka, akataka aonyeshwe. Makuti yakaondolewa, na lile jicho likamkodolea.

"Ungeniacha nimsomee mwanangu juu ya mawe ya mjengo?"

"Ningekuacha," Kavata akasema. "Niliogopa utatufukuza."

Bi Zuleikha hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Aliamuru mawe yake yarudishwe, akaelekeza mwenyewe lipi la kichwani na lipi la miguuni. Kisha akasema jicho halikai juu ya kaburi, haifai. Farjallah akaleta chokaa, watoto wakaponda makumbi ya nazi kuwa brashi, wakayapaka mawe yote mawili mpaka yakawa meupe. Ndipo akasoma, mpaka mwisho.

Alipofunga juzuu alisema kitu ambacho Kavata hakukitarajia. Faris alikuwa na miaka mitano, akapata surua, na enzi hizo mtoto wa surua alifungiwa chumba cha giza. Siku nane. Wenzake wakicheza uwanjani hapa hapa, yeye anawasikia, analia atolewe. "Sikumtoa," Bi Zuleikha akasema. Akavaa viatu vyake. Kuhusu uwanja alisema tu kwamba atapiga simu.

Hakupiga. Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi ikapita, na Kavata hakuthubutu kupanda hata bamia. Aliulizia viwanja vingine mtaani, vyote vimejengwa. Akilala anawaza ufunguo, akiamka anawaza ufunguo.

Mwezi wa Mei masika ikapiga siku tatu mfululizo. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, mjue hilo. Siku ya nne jua lilipotoka Kavata akakuta jiwe la kichwani limejisafisha lenyewe: duara jeupe, buluu, na nukta nyeusi katikati. Chokaa ilikuwepo stoo, debe zima. Angepaka dakika mbili, asijue mtu. Akachukua simu badala yake, akampigia Bi Zuleikha, akamwambia jicho limetokeza tena.

Kisha bibi akauliza linatazama wapi.

"Linatazama bembea."

"Watoto wapo hapo?"

"Wapo. Mvua imekatika, wanacheza."

Akasikia pumzi upande wa pili, pumzi ya mtu anayelia na hataki asikike.

"Basi liacheni," Bi Zuleikha akasema. "Mtalipaka Shaaban, nikija. Huyu mtoto nimemfungia vya kutosha."

Kavata akauweka ufunguo shingoni, akaenda kutafuta mbegu za bamia.