Gunia la Kwanza

Kwetu Keringet, vibarua hawabebi gunia la kwanza la viazi. Hulibeba mtoto wa kiume wa boma, mgongoni, kutoka shambani hadi stoo, ndipo wengine waanze. Desturi hiyo tuliachiwa na marehemu baba. Ndugu zangu wote ni dada, wameolewa mbali, kwa hivyo mgongo wa boma ni wangu: mgongo wa mtu aliyekaa kitini miaka ishirini akisahihisha mitihani.

Mwaka jana mama alisema wazi kwamba siku nitakaposhindwa na gunia hilo, shamba atamkodishia jirani. Hakuwa ananitisha. Alikuwa amechoka kusimamia peke yake shamba ambalo mimi hulitembelea kwa mwavuli.

Miezi michache baadaye kiuno kikaanza kuniuma. Kuvaa soksi kukawa shughuli ya asubuhi nzima. Daktari mmoja mjini Nakuru alinionyesha picha ya uti wangu wa mgongo, akasema kano zinazoshikanisha pingili zimechakaa.

"Unajua ile blada ya mpira watu wa boda hufungia mizigo?" aliuliza. "Ikikaa juani miaka mingi, inakauka, inaanza kupasuka."

Hata hivyo, aliongeza, kuna watu wenye picha mbaya kuliko yangu wasiosikia chochote, kwa hivyo hangeapa kwamba maumivu yanatoka hapo. Nikaondoka na mazoezi ya kunyoosha viungo, onyo la kutoinua vizito, na mgongo uleule. Wiki nzima nilisoma kuhusu kano. Nilisoma nikiwa nimekaa, bila shaka.

Mama sikumwambia.

Siku ya mavuno gunia lilijazwa kwa mtindo wa huku: likifika mdomoni linashonewa wavu juu, viazi vinaendelea kupanda. Lilinifika kifuani. Ningeweza kuomba lipunguzwe. Badala yake nilivua koti.

"Prof, hiyo gunia si kitabu," kibarua mmoja akasema. "Huwezi kuruka kurasa."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Wawili wakanitwika. Nilienda hatua nne. Kwenye ya tano kitu kiliachia kiunoni, nikajikuta nimepiga magoti huku viazi vikibingirika mbele yangu. Safari hii hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Walinilaza kifudifudi juu ya magunia matupu kando ya mlango wa stoo. Kisha wakasimama tu, maana gunia la kwanza lilikuwa bado halijaingia. Mama, aliyevuka themanini, akachukua ndoo. Pale nilipolala niliona gambuti zake za mpira tu, zikienda shambani na kurudi polepole. Mara mbili nilijaribu kuinuka; kiuno kilikataa.

"Mama, wacha. Nitaamka."

Gambuti zikasimama. Yeye huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la babake.

"Lala, baba. Kukiwa na kitu cha kusoma nitakuita."

Gunia la kwanza liliingia stoo kwa ndoo.

Jumamosi iliyofuata aliniita. Kitu cha kusoma kilikuwa mkataba wa ukurasa mmoja, wa kumkodishia jirani shamba. Nilimsomea nikiwa nimesimama, maana kukaa sikuweza, kwa sauti yangu ya darasani. Akauliza kama mkataba uko sawa. Nikasema umeandikwa vizuri. Akaweka kidole gumba, halafu akaninyooshea kalamu niwe shahidi.