Andika: Ni Upepo

Mwaka ule niliolewa, na nusura nisiolewe kwa sababu ya tumbo. Kisa hiki nakisimulia mwenyewe kabla wajukuu hawajakiharibu kabisa, maana wao kila Krismasi huanza kucheka kabla ya kufika katikati, na wageni hubaki wameduwaa hawajui nini kilitokea.

Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, ingawa sisi wa mlimani hatukujua kwamba ni ya mwisho. Kwetu ni juu ya Usa River, kwenye mteremko wa Meru, katikati ya migomba na kahawa. Baba alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, wa benchi la mbele. Mimi nilikuwa nimechumbiwa na fundi seremala wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kule kwenye vumbi na ng'ombe. Yeye Mwarusha, mimi Mmeru, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo. Tuliijaza makosa na tukapendana hivyo hivyo. Nilimpenda sana yule kijana, na sioni haya kuliandika.

Miezi miwili hivi kabla ya harusi, masika yakiwa yamepamba moto, nikashikwa na nimonia. Baba alinipakia nyuma ya baiskeli, mama akatembea kando akinishikilia nisianguke, tukateremka hadi zahanati moja upande wa Usa River. Dispensa alikuwa kijana mtanashati, kalamu mbili mfukoni. Alinisikiliza kifua, akatikisa kichwa, akahesabu vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu, nusu vya manjano, akavitia kwenye bahasha. Siku hizi tunaviita antibayotiki na unavipata dukani. Wakati ule mama alivifungia sandukuni pamoja na khanga zake nzuri, akawa ananitolea kimoja kimoja kwa saa ya baba. Juu ya ile bahasha dispensa aliandika kwa mwandiko wa kuvutia: "Asitumie maziwa." Akatia na sahihi.

Kifua kilipona upesi, sina ugomvi na vile vidonge kwa hilo. Siku ya kumi vikaisha. Siku ya kumi na moja tumbo likaanza.

Lilianza kwa kunguruma tu, nikadhani ni njaa ya mtu anayepona. Kisha likaanza kuendesha. Asubuhi nilikimbia chooni mara tatu kabla ya chai, mchana likafunga kabisa, na jioni likajaa upepo hadi vifungo vya gauni vikawa vinavutana. Nilisikia kichefuchefu nikinusa moshi wa jikoni. Nikafikiri litapita baada ya siku mbili. Wiki ikaisha, ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na tumbo bado linajitawala lenyewe.

Sasa, kwetu chakula bila maziwa mgando si chakula. Loshoro yenyewe ni mahindi na ndizi vilivyopondwa na kuchanganywa na maziwa mgando, na mimi nililelewa kwa loshoro tangu sijaota meno. Lakini baba alikuwa ameibandika ile bahasha ukutani juu ya meza ya chakula, chini kidogo ya picha ya Yesu. Kila nilipokaa kula niliyasoma maneno yale.

Mama akamwuliza, "Baba, dawa si zimeisha?"

"Dawa zimeisha," baba akajibu. "Maandishi hayajaisha. Hapa hapajaandikwa mwisho ni lini."

Alijibu kwa Kiswahili, na sisi nyumbani tunasema Kimeru. Baba akianza Kiswahili nyumbani ujue jambo limeshakuwa la serikali. Kwake yeye kitu kilichoandikwa na kutiwa sahihi hakifutwi ila na aliyekiandika. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwa taabu, na aliyaheshimu maandishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nilimkasirikia sana siku zile, na bado nikimkumbuka pale chini ya bahasha yake moyo wangu unalainika.

Kwa kuwa maziwa yamekatazwa, mama aliona nisidhoofike, akanijaza maharage. Maharage asubuhi, maharage mchana, jioni maharage na ndizi. Mnacheka? Mimi ndiye niliyekuwa nayabeba.

Baba, tumtendee haki, alipanda baiskeli akarudi zahanati kumwomba dispensa aifute amri yake. Akakuta amehamishiwa Mbulu. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mzee mwenye miwani, akaitazama bahasha mbele na nyuma, akasema hawezi kufuta maandishi ya mwenzake bila kujua aliyaandika kwa sababu gani. Baba alirudi ameridhika kabisa. Alisema yule ni mtu makini. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga mgomba teke.

Hapo ndipo yakaja matangazo ya ndoa. Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi aseme. Jumapili ya kwanza ilipita salama. Jumapili ya pili nilikuwa nimevaa gauni la kitambaa chepesi, limenibana kiunoni, na katikati ya mahubiri nikatoka mbio. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu sikurudi, nilibaki nyuma ya kanisa natapika kwenye majani, na nilipoinua kichwa nikawaona kina mama wawili wamesimama kwenye kona wananitazama. Hawakuniambia pole. Walitazama uso wangu, wakashuka polepole hadi tumboni, wakaangaliana.

Nilielewa palepale. Siku zile bibi arusi aliyekutwa na mimba hakuvaa shela. Kengele haikupigwa. Alifungishwa ndoa siku ya kazi, asubuhi mapema, watu wachache, na kabla ya hapo alikuwa ameshatengwa na Meza ya Bwana. Baba yake alihama benchi la mbele akaenda kukaa nyuma karibu na mlango. Niliwahi kumwona mzee mmoja akikaa pale mwaka mzima, akitazama viatu vyake. Kwa mawazo nikamwona baba yangu pale. Na fundi wangu alikuwa ameshanunua kitambaa cha shela mjini Arusha, cheupe, chenye vijiua vidogo pembeni.

"Mama, sina kitu tumboni," nilimwambia.

"Najua," akasema. "Lakini tumbo lako halijui."

Habari zilizunguka mlima kabla ya Jumanne. Mzee wa kanisa, rafiki wa baba wa miaka mingi, akatuma neno kwamba atakuja Alhamisi alasiri kuniuliza mwenyewe, na kama hataridhika tangazo la tatu halitasomwa. Alikuja na daftari lake la jalada jeusi. Na nyuma yake, bila kualikwa na mtu, akaingia mwanamke mrefu mwenye shanga shingoni na msalaba juu ya shanga, vumbi hadi magotini, kibuyu begani. Alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Ametoka Oldonyo Sambu tangu alfajiri, nusu kwa lori na nusu kwa miguu. Sikuwa nimewahi kumwona ila mara moja.

"Takwenya," akanisalimu, kama wanavyosalimiwa wanawake kwao.

"Iko," nikaitikia. Fundi alikuwa amenifundisha hilo, na sauti ilinitoka nyembamba.

Tukakaa. Mzee wa kanisa akasema tuanze kwa sala ya kimya. Tukainamisha vichwa. Kukawa kimya hadi nikasikia maji ya mfereji kule shambani, na katika kimya kile tumbo langu likaanza. Lilianza chini, likapanda, likageuka, likauliza swali, likajijibu. Mzee wa kanisa alimaliza sala yake haraka kuliko kawaida yake.

"Binti," akasema akifungua daftari, "una jambo lolote la kutuambia?"

"Sina, mzee."

Tumbo likasema lina.

Nilikuwa karibu kulia, na kumbe pia karibu kucheka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinamisha sikio, ananisikiliza mimi chini ya shingo. Kisha akafungua kibuyu, akamimina maziwa mgando kwenye kikombe, akaninyooshea.

"Kunywa."

Nikaganda. Kwao, mkwe akikupa maziwa ukayakataa, umelikataa boma lake lote. Nikamtazama baba. Baba akainuka, akaonyesha bahasha ukutani kwa heshima zote.

"Mama, utuwie radhi. Karatasi imekataza."

Mama mkwe hakujua kusoma. Aliiendea ile bahasha, akaitazama kwa makini juu hadi chini. "Hii ilikuja kutoka wapi?"

"Usa River."

"Basi inajua ng'ombe wa Usa River. Mimi ng'ombe wangu wako upande wa pili wa mlima. Wametajwa hapa?"

Baba akaisogelea bahasha. Akaisoma tena, neno moja, neno la pili, nukta. Nilimwona akitafuta. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilimlazimu kukiri kwamba ng'ombe wa Oldonyo Sambu hawakutajwa.

"Hawakutajwa," akasema.

Nikanywa. Jamani, yale maziwa! Yalikuwa mazito, machachu, yenye harufu ya moshi wa kile kijinga cha moto wanachosugulia vibuyu. Nilikunywa kikombe cha kwanza na machozi yakanitoka kwa raha. Nikanywa cha pili bila kuambiwa.

Msidhani yaliniponya palepale. Lakini mama mkwe hakuwa amemaliza. "Huyu amejaa kama ndama aliyevamia majani mabichi," akasema. "Piga magoti, mwanangu. Inama." Mzee wa kanisa akaanza kusema kwamba labda wanaume watoke nje, ila mama mkwe alikuwa ameshanishika. Alinitia mkono mmoja mgongoni, mwingine ubavuni kushoto, akaanza kunikanda kwa nguvu za mtu aliyeokoa mifugo mingi, huku akiimba kitu cha Kimaa, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Nikasikia kitu kinasogea. Nikamwita mama kwa lugha yao, "Yeyo, tafadhali, niache." Hakuniacha.

Kilichotoka sitakieleza. Kilikuwa kirefu. Kuku waliokuwa mlangoni walitoka nje. Mama yangu alijifunika uso kwa khanga na mabega yake yakaanza kutikisika, na baba akaitazama picha ya Yesu. Na tumbo langu, mbele ya macho ya kanisa, likashuka. Kiuno cha gauni kikalegea. Mama mkwe akakivuta kitambaa kwa vidole viwili kumwonyesha mzee nafasi iliyopatikana.

"Mzee, umesikia mwenyewe," akasema. "Andika: ni upepo."

Mzee wa kanisa alikaa na kalamu hewani. Masharubu yalikuwa yakimchezacheza. Kisha akaandika kweli, nililiona jina langu na mbele yake neno hilo moja, akatia sahihi. Baba alimwomba ayasome kwa sauti, akayasoma, na hapo ndipo tulipoangua kicheko sote, baba akiwa wa mwisho na mwenye kuchelewa kunyamaza. Tangazo la tatu lilisomwa Jumapili.

Mama mkwe aliacha kibuyu chake, na kila alipopata mtu wa kuja huku alituma kingine. Nilikunywa kutwa mara mbili chini ya bahasha iliyokataza. Tumbo lilitulia polepole, siku nzuri, siku mbaya, na kusema kweli halikuwa limetulia lote siku ya harusi. Mjukuu wangu mwuguzi ananiambia amri ile ilikuwa ya siku za kumeza vidonge tu, na ameniambia hivyo huku akijifuta machozi ya kucheka.

Siku ya harusi kengele ilipigwa. Baba alikaa benchi la mbele. Nilivaa shela lenye vijiua pembeni, nikasimama kando ya fundi wangu, na mchungaji akaniuliza kama namkubali. Kanisa lote likanyamaza kusubiri jibu. Na mimi nikalisikia, chini kabisa, likianza kupanda. Nikajua nina muda wa pumzi moja, na kwamba nikifungua kinywa tutasema wawili. Nilimtazama fundi. Nikamtazama mama yake, benchi la mbele upande wa pili. Alikuwa ameinamisha sikio.

Akasimama akapiga kigelegele. Si cha adabu, kilikuwa cha mtu aliyeona ng'ombe wake waliopotea wanarudi, kirefu, kikapanda hadi kwenye mabati, na kina mama wa Oldonyo Sambu wakadhani wamepitwa wakasimama nao wakapiga. Tumbo langu likanguruma humo ndani lilivyotaka na hakuna aliyelisikia. Mchungaji alimkemea mbele ya watu wote, akamwambia hapa si malishoni, vigelegele vina wakati wake. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mchungaji, ni furaha," akakaa. Watu walimsema kwa hilo miaka mingi, kwamba mama yule wa upande wa pili hana subira, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote sababu.

Kisha kanisa likanyamaza tena, na mimi nikasema ndiyo.