Sakoshi ya babu imepauka

Leo nimeharibu kitu pekee alichotuachia babu, na sijalia.

Ni sakoshi, mkoba wa ngozi. Wakati wa Sécession, Katanga ilipojitenga na Kongo, yeye na bibi yangu, Kaku, walikimbilia kambi ya wakimbizi na hiyo tu.

Nilitaka kuitundika dirishani, wageni waione. Lakini jua hupausha ngozi, na mimi lazima nipime kwanza (mnanijua).

Fundi viatu wa mtaani kwetu alinipa vipande viwili vya ngozi. Kimoja nilikipaka dawa ya kuzuia jua, kikang’aa; kingine sikukipaka. Nikaviacha uani miezi miwili.

Kisicho na dawa kilipauka kabisa. Chenye dawa hakikubadilika.

Basi nikaipaka sakoshi dawa, nikaitundika.

Leo nimeishusha. Upande ulioelekea kioo cha dirisha umekuwa kama katoni kuukuu.

Nikamwonyesha Kaku vile vipande. “Mbona hiki hakikupauka?”

“Ile ya kung’aa? Ukienda ku masomo, nilikuwa naiingiza mu kivuli. Niliwaza ile njo ya muzuri, ya kutunza. Ile ingine niliona umeitupa.”

“Kila siku, Kaku?”

“Kila siku. Ku kambi hatukukuwa na kivuli, mutoto wangu. Sakoshi nilikuwa naifunika na kikwembe yangu ya kujifunga.”

Nikavirudisha vile vipande mfukoni.

“Kumbe dawa yako iko mubaya?”

Nikasema ndiyo, dawa ni mbaya.

Sasa sakoshi iko mezani, imefunikwa kikwembe chake. Mimi nimekaa tu, naiangalia.

Ninyi mngemwambia ukweli, kwamba kivuli chake ndicho kilichonidanganya?