Nuseni Mbuzi

Dada yangu huchukuliwa na hadithi. Mwambie jana kulinyesha, na kabla hajamaliza chai atakueleza jinsi alivyoloa. Mimi nina kichwa kigumu. Nyumbani kwetu Kiwanjani huniita jiwe, na si kwa kunisifu.

Tunauza chai pamoja kwenye soko la mifugo la Isiolo. Wanunuzi huwapaka mbuzi wao rangi mgongoni wakishawanunua. Siku moja mnunuzi aliyetumia rangi ya buluu alipungukiwa na mbuzi mmoja. Akamwona jirani yetu, mjane aliyetoka Merti, ameshika mbuzi mweupe asiye na rangi.

"Hii mbuzi ni yangu! Umetoa rangi na mafuta taa!"

Watu wakajaa. Mmoja akasema aliona kitambaa, mwingine akaongeza chupa. Dada yangu alisikiliza, macho yakamtoka, kisha akasema, "Wallahi hata mimi nilimwona. Alikuwa anasugua mgongo ya hiyo mbuzi na kitambaa."

Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa akiyaona kabisa hayo aliyoyasema. Lakini asubuhi yote yule mama alikuwa akitusaidia kupangusa vikombe, na kitambaa kilikuwa chetu. Akishaitwa mwizi hapo sokoni, hangekanyaga tena, na riziki yake yote ilikuwa hapo.

Nilipandwa na hasira. "Kama ni mafuta taa, si itanuka? Nuseni mbuzi!"

Mnunuzi akainama, akanusa mgongo. Akanusa tena. Mzee wa soko naye akanusa, akafikiri, akasema, "Inanuka mbuzi."

Soko zima likaangua kicheko. Kabla hakijaisha, dereva wa lori akaita: mbuzi wa buluu alikuwa ndani, amelala nyuma ya wenzake. Mnunuzi akaomba msamaha mbele ya watu wote. Yule mama akapita katikati yao na mbuzi wake, kichwa juu, nami kando yake nikijiona kama bibi harusi.

Dada alilia, akamwomba radhi. Tangu hapo amekisimulia kisa hiki mara nyingi, kila mara kwa madaha zaidi. Juzi nilimsikia akiwaeleza wateja jinsi yeye alivyopaza sauti, "Nuseni mbuzi!"

Nikafungua mdomo kumsahihisha. Yule mama, aliyekuwa akipangusa vikombe, akanikonyeza. Nikaufunga, nikammiminia dada yangu chai.