Alama Sitini na Nane za Wifi

Mwenzangu wa kiti cha pili ni mtu wa kuweka vitu moyoni. Ukimkosea leo akanyamaza, usidhani yamekwisha, anakutafutia siku. Mimi nampendea hilo. Watu wanaosamehe haraka hunichosha.

Hapa saluni tunamwita Profesa, na jina hilo alibandikwa kwa kejeli na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni mwalimu wa fizikia. Profesa anasomea ualimu chuoni, masomo ya jioni, na kati ya masomo ya sayansi alichagua utangulizi wa astronomia. Mtihani wa mwisho wa mwaka jana alipata thelathini na moja. Karatasi ya matokeo akaisahau juu ya friji. Wifi akaiona, akaisomea familia nzima mezani, wakwe wote wapo, kisha akamalizia: "Somo hili hili mimi nilipata sitini na nane, tena nikiwa na malaria. Mwacheni wifi yangu na nywele zake. Nyota atazijulia wapi?"

Mume naye akacheka. Profesa aliosha vyombo vyote siku ile bila kuvunja hata kimoja. Mimi ningevunja.

Chuo kilimruhusu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anafutwa. Lakini nilipomuuliza alichokuwa anakitaka, hakutaja cheti. "Nataka sitini na tisa," aliniambia. "Nataka niisome mezani pale pale, huku namtazama usoni."

Basi tukafundishwa sote. Ukikaa kwenye kiti chake huna pa kukimbilia, nywele zako ziko mkononi mwake. Wateja walitoka hapa wakijua umri wa jua. Mmoja alimwomba amsomee nyota aone kama ataolewa mwaka huu. Akajibiwa kwamba mwanga wa nyota anayoiona leo huenda ulitoka huko kabla bibi yake hajazaliwa, kwa hiyo ahangaike na wachumba wa hapa chini.

Wiki mbili kabla ya mtihani, Jumamosi asubuhi, nani anaingia? Wifi. Kesho yake ana semina, anataka misuko midogo midogo, kichwa kizima. Profesa alimkaribisha kwa adabu mpaka nikaogopa. Akamsuka nusu ya kichwa, anavuta zaidi kidogo ya inavyohitajika, huku anajisomea kwa sauti: "Mwezi unaonekana mwembamba, mara nusu, mara mzima, kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika."

Wifi alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe! Hiyo si kupatwa kwa mwezi? Ukiandika hivyo watakupa sifuri, Profesa!"

Mwenzangu akakunja uso. Uongo huo alishaufundisha nusu ya mtaa. Akaweka kitana chini, akavuta stuli, akakaa.

"Haya, nifundishe. Sina haraka."

"Malizia nywele kwanza, wifi."

"Mikono imekufa ganzi. Ukitaka kwenda hivyo, mlango ule pale."

Wifi akajitazama kwenye kioo. Upande mmoja misuko, upande wa pili nywele zimesimama kama ufagio. Mwalimu mzima hawezi kutoka barabarani hivyo. Akasonya, akaniambia nifunge pazia na nizime taa zote isipokuwa ile ya pembeni mwa kioo.

"Taa ndiyo jua. Kichwa changu mwezi. Wewe ndiye dunia. Nizunguke polepole, useme unachokiona."

Profesa akazunguka. Akiwa upande wa taa, uso wote unang'aa. Akiwa ubavuni, nusu. Akiwa nyuma, giza tupu. Akasimama pale pale. Miaka kumi na miwili alikuwa anazunguka vichwa karibu na taa ile ile.

"Nusu yako inawaka muda wote," akasema taratibu.

"Ndiyo maana yake. Kinachobadilika ni unachokiona kutoka ulipo. Kivuli chako kimenigusa mara moja tu, uliposimama katikati yangu na taa. Huko ndiko kupatwa."

Asante hakutoa. Aliwasha taa, akafumua mistari mitatu iliyonyooka vizuri, akadai imepinda, akaianza upya huku anauliza habari za majira ya mwaka. Kisha mvutano. Kisha rangi za nyota. Kila Wifi alipochoka kujibu, vidole vilikufa ganzi tena. Kazi ya saa sita ikachukua saa tisa. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunywa, nimefurahi kuliko siku niliyoolewa.

Matokeo: sabini na moja. Profesa alinichukua hadi mezani kwa wakwe zake ili nishuhudie. Akasimama, akasoma. Maneno aliyoyafanyia mazoezi mwaka mzima yalikuwa mdomoni tayari, Wifi akamuwahi, hata kutafuna hakuacha:

"Sabini na moja tu? Saa tisa nimekaa nakufundisha mpaka shingo inauma, nilitegemea themanini."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe akamsifu Wifi kwa moyo wake wa kusaidia. Kusaidia! Nilitamani kummwagia mchuzi. Profesa akakaa, akasema, "Asante, wifi," na asante hiyo ilimtoka kama jino.

Jumatatu alichelewa kazini. Alipoingia alikuwa na fomu ya chuo mkononi, wino wa mhuri haujakauka: astronomia, kozi ya pili.

"Shoga, si umeshafaulu?" nikamuuliza. "Na hii nayo ni ya lazima?"

"Si ya lazima," akasema, anapanga vitana vyake. "Wifi hakuisoma."