Ng'ombe wa mahari wameingia kwenye vita ya watu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Musoma ni ndogo na kitambi changu kinajulikana kuanzia Iringo mpaka Buhare. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili. Nanunua ngozi za ng'ombe Bunda na Butiama, nazitia chumvi, nauzia kampuni moja ya nje. Ndiyo, nanuka. Mke wangu ameshazoea, na nyie hamsomi kwa pua.

Mwaka jana binti yangu mkubwa aliolewa Butiama. Baba wa mumewe, tunaitana mkwe, naye ni mtu wa ngozi. Alileta ng'ombe wazuri wa mahari, wapo bomani kwa kaka yangu.

Sasa nchi ya kampuni inayoninunulia imeingia vitani. Wakatuambia kuna kampuni iko Dubai. Dubai haipigani na mtu, ila wenye kampuni hiyo ni wa upande wa adui. Anayeiuzia wanamkata, hawanunui kwake tena, na anayepokea mali ya huyo muuzaji wanamkata pia. Nikasema sawa, mimi na Dubai wapi na wapi.

Wakala wa hao wanunuzi wangu akaja kukagua stoo yangu. Mtu mpole, tukala samaki pamoja. Na mimi mdomo wangu haupumzikagi mbele ya mgeni. Nikampeleka bomani nikamwonyesha ng'ombe, nikajisifu kwamba hawa kaleta mkwe wangu, ngozi zake zinaendaga Dubai. Akauliza kwa nani. Nikataja, kumbe ndiyo kampuni ile ile waliyotukataza. Nilidhani namtafutia mkwe soko.

Baadaye akapiga simu, akasema nirudishe wale ng'ombe, yaishe, la sivyo na mimi wananikata. Nikamweleza kwamba kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekufa na binti anarudi kwao. Akasema ananielewa, ila kwa wakubwa wake mali ni mali.

Nikaenda kumwomba mkwe aachane na ile kampuni. Alicheka kwanza.

"Mkwe, hiyo vita inapiganwa wapi, hapa Kiabakari?"

Alipoona sicheki, akaacha utani. Akanikumbusha kwamba kampuni yangu ilishazikataa ngozi zake, hana mnunuzi mwingine. Kisha akasema ng'ombe nikitaka niwaswage mwenyewe, yeye hatakuja kuwachukua.

Nilidhani nitalia njiani. Sikulia. Nilifika nikala ugali, nikaangalia taarifa ya habari. Wao wanapigana, mimi natafuna.

Jana binti kapiga. Ana mimba kubwa.

"Baba, nasikia ng'ombe wanarudi. Nianze kufunga nguo, au nisubiri nijifungue?"

Nikamwambia simu inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Wakala anataka jibu Ijumaa, na wanaokula kupitia ile stoo ni wengi, kitambi hiki kikiwemo. Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, simu ninayo mkononi: nimpigie nani kwanza, na nikimpata nimwambieje?