Kibao cha Paa, Barabara ya Koni

Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Likasi. Nimewachorea vinyozi vichwa, na mwenye duka mikate ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kamati ya kulinda wanyama ilipotaka kibao cha barabara ya Koni, nilikichora bure. Nilikuwa na sababu: shamba langu la mahindi liko kando ya barabara hiyo, na kila alfajiri paa jike na mtoto wake walivuka mbele yangu kwenda kunywa maji mtoni Lufira. Dume lao lilikwisha kupondwa na lori la madini. Niliwapenda paa wale, sioni haya kusema.

Chini ya picha ya paa niliandika kwa rangi nyekundu: WANYAMA WANAVUKA HAPA, SAA KUMI NA MOJA MPAKA SAA MOJA ASUBUHI. Hizo saa niliziongeza mwenyewe, dereva asije akasema hakujua.

Siku ya uzinduzi padri alinyunyiza maji ya baraka, mkubwa wa kamati akatusomea hotuba ndefu juu ya haki ya mnyama kupita. Kisha ikaletwa bukari, ugali wetu wa hapa, na nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi. Mkubwa aliomba aongezewe. Mimi pia nilikula.

Malori hayakupunguza mwendo hata kidogo. Ila asubuhi ya tatu nilikuta wanaume wanne chini ya kibao, na nyavu na mbwa. Mmoja aliponitambua alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, weye njo ulichora hii kibao? Aksanti sana! Mbele tulikuwa tunatembea mu pori yote, miguu inauma. Sasa tunangoya tu hapa, na saa umetuandikia."

Mtoto wa paa alikuwa tayari ndani ya gunia. Mama yake alikuwa amewaponyoka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimemwingiza mwingine.

Nilileta jembe, nikaking'oa kibao mchana kweupe. Kamati ikaniita.

"Papa, juu ya nini unachukia banyama hivi?" mkubwa aliuliza kwa uchungu.

Nilieleza yote. Waliniagiza nichore kingine, kikubwa zaidi, kionekane mbali.

Nimekichora. Nimekisimamisha mbali kabisa, kando ya jalala, na wawindaji wanawangoja paa huko kwa uvumilivu mkubwa. Paa jike bado anavuka hapa kwangu. Alfajiri nasimama katikati ya barabara nikipunga shati langu. Madereva wananiita mwendawazimu, lakini wanafunga breki.